Transfoma yenye akili inachukua kwanza, ndipo inatoa

Hz 50 zinazofika ku priz ya nyumba yangu hapa Kampemba ndizo hizohizo za Lusaka, Harare na Johannesburg. Sisemi zinafanana, nasema ni zilezile, mashine zote za kuzalisha umeme kutoka huku Katanga mpaka kule chini Afrika Kusini zinazunguka pamoja kwa mwendo mmoja, sababu kuna laini ya kilovolti 220 inatoka posti ya Karavia hapa Lubumbashi, inavuka mpaka wa Zambia, inafika Luano kule Chingola, na kutoka pale mtandao wa kusini mwa Afrika unaendelea tu. Watu wa Kinshasa ambao tuko nao nchi moja, pesa moja na timu moja ya taifa, wao wana Hz 50 za kwao. Hiyo ya Kinshasa nitairudia kule chini, muikumbuke, sababu bila hiyo hadithi yote ya transfoma zenye akili, yaani zile za elektroniki zinazokuja kuchukua nafasi ya zile za chuma na mafuta, haieleweki vizuri.

Wadogo zangu wanaosoma Polytechnique wananitumia mambo ya hizi transfoma kila mara kwa WhatsApp, na swali ni lilelile, yaya (ndugu mkubwa), hii kitu itamaliza delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu? Nimejibu vipande vipande, sauti za dakika tatu tatu ambazo najua hamsikilizi mpaka mwisho, sasa naandika hapa mara moja. Jibu: haitamaliza. Delestaji nyingi inatoka ku upungufu wa umeme wenyewe, na transfoma haizalishi hata wati moja. Tena yenyewe inakula zaidi kuliko ya zamani. Lakini kuna jambo inaweza kufanya ambalo ile tanki ya mafuta, transfoma ya zamani iliyo kwenye kabini (kibanda cha umeme) ya mtaa wa kwenu, haiwezi, nalo ni kusaidia frekansi isianguke, na hapo ndipo kuna utamu, na pia ndipo kuna mtego.

Frekansi ni mwendo wa mashine basi. Turbini zikizunguka vile inatakiwa tunapata Hz 50. Watu wakiwasha vitu kuliko nguvu ya maji inayosukuma, ile nguvu ya ziada itatoka wapi, umeme wa mtandao hauna stoo? Inatoka kwenye chuma chenyewe kinachozunguka, kinatoa sehemu ya mwendo wake, na mwendo ukipungua frekansi inashuka. Mnawajua wale vijana wanaoleta makala (mkaa) mjini na baisikeli, magunia yamepangwa mpaka kichwa hakionekani: wakifika kwenye kapanda kadogo baisikeli haisimami palepale, uzito unaibeba bado mita kidogo, ila asiposukuma haraka itasimama, na ikisimama kuiondoa tena ni kazi ya watu watatu. Huo uzito ndio wataalamu wanaita inersia. Haiongezi nguvu, inakupa muda tu. Sekunde.

Sasa wakati laini ya Zambia iko sawa, sisi huku ni wadogo sana ndani ya mtandao ule. Zimeni mtaa wa Katuba wote hapa Lubumbashi kwa mara moja, mshale wa frekansi kule Johannesburg hautashtuka, mashine za Afrika Kusini ni nyingi mno na nzito mno. Kwa hiyo mtu akikuambia transfoma kumi zenye akili za Lubumbashi zitashikilia frekansi, muulize frekansi ya nani. Lakini laini ikikatika, iwe ni radi, iwe ni relei (swichi ya ulinzi inayojikata yenyewe) imekosea, Katanga inabaki kisiwa. Tunabaki na mitambo ya maji ya Nseke yenye MW 248 na Nzilo yenye MW 108, zote mbili juu ya mto Lualaba na zote za miaka ya 1950, na Mwadingusha ya 1930 na Koni ya 1950 juu ya Lufira, na Busanga ambayo ni ya juzijuzi, pamoja na kile kinachofika kutoka bwawa la Inga, kule magharibi upande wa Kinshasa. Hapo frekansi ni yetu peke yetu, tukikohoa inasikika.

(Kwa wanaopenda historia: mwisho wa miaka ya 1950, kabla bwawa la Kariba halijamalizika, umeme ulikuwa unatoka HUKU kwenda migodi ya upande wa Zambia ya leo. Nseke wakati ule ilikuwa inaitwa Le Marinel. Leo migodi yetu inanunua umeme unaopitia Zambia, na 2024 ukame ulipokausha Kariba na Zambia wakakaa giza saa nyingi kila siku, huku tulisikia pia. Mambo yanageuka.)

Tufanye hesabu, na namba hizi nazibuni mimi ili tuone ukubwa wa jambo, msizichukue kama ripoti. Kisiwa kinatumia MW 600. Kati ya hizo MW 120 zilikuwa zinaingia kwa laini ambayo imekatika sasa hivi. Upungufu ni asilimia 20. Tuseme inersia ya mashine zote zilizobaki (wataalamu wanaipima kwa sekunde) ni sekunde 3.5. Unachukua 50, unazidisha na 0.2, unagawanya kwa mara mbili ya 3.5, unapata karibu Hz 1.4 kwa kila sekunde. Maana yake kutoka Hz 50 mpaka Hz 49 ni sekunde 0.7, haujamaliza hata kusema "Mungu wangu".

Na mashine za maji haziwezi kujibu ndani ya muda huo. Watu wanafikiri maji ni kufungua robine na nguvu inapanda, hapana, ile bomba kubwa inayoshuka mlimani ina tani na tani za maji ambayo lazima yaongeze mwendo kwanza, ukifungua mlango presha inashuka kidogo, nguvu INAPUNGUA kwa muda mfupi ndipo inaanza kupanda. Ndiyo maana kuna relei za frekansi ya chini. Frekansi ikifika namba fulani, relei inakata laini nzima ya mtaa, kisha namba nyingine inakata mtaa mwingine, ngazi kwa ngazi, mpaka mizani irudi. Ulaya ngazi ya kwanza ni Hz 49. Relei haiulizi kwenye laini ile kuna nini. Kliniki, mashine ya kusaga unga, kinyozi, mtoto yuko chini ya mashine ya oksijeni, vyote vinaanguka pamoja, na jirani wa ngambo ya barabara ambaye laini yake ni ingine anaendelea kuangalia mpira. Asilimia mia kwa huyu, sifuri kwa yule.

Wazo la transfoma yenye akili ni kuvunja hiyo hesabu, badala ya kuchukua yote kwa Katuba, uchukue kidogo kidogo kwa kila mtu, kidogo ambacho hakuna atakayejua, na ufanye hivyo kwa milisekunde.

Inafanyaje? Transfoma ya kawaida ni chuma, waya wa shaba na mafuta, haina kitu kinachofikiri, ikitunzwa inaishi miaka 30, 40. Hii mpya ina sehemu tatu. Ya kwanza inachukua umeme wa kilovolti, tuseme kilovolti 15, na kuugeuza uwe wa moja kwa moja, kama wa betri. Ya pili inaukatakata maelfu ya mara kwa sekunde, inaupitisha kwenye transfoma ndogo, inaurudisha tena uwe wa moja kwa moja lakini wa tansio (volti) ndogo. Ya tatu inautengeneza upya kuwa wimbi la Hz 50 na volti 230 za nyumbani. Kwa nini ile transfoma ya katikati inakuwa ndogo? Sababu frekansi ikipanda, chuma kinachotakiwa kinapungua, na pale ndani hatuko tena Hz 50, tuko maelfu. Wazo hili si la jana, William McMurray wa General Electric aliomba hati yake ya uvumbuzi mwaka 1968 akapewa 1970, shida ilikuwa vifaa vya elektroniki vya wakati ule, havikuweza kubeba tansio kubwa. Vilipopata nguvu watu wakarudi, Marekani kulifunguliwa kituo cha FREEDM pale chuo kikuu cha North Carolina State mwaka 2008, na 2012 kampuni ya ABB waliifungia moja kwenye kichwa cha treni cha reli za Uswisi pale Geneva wakaijaribu. Kwa upande wa mtandao wa mitaani, wale ambao mimi nawafuata ni watu wa Chuo Kikuu cha Kiel, Ujerumani, kundi la Marco Liserre, na Giovanni De Carne aliyetoka pale, ndio walichimba hii ya frekansi mpaka chini.

Ujanja wao uko kwenye sehemu ya tatu. Ile inayotengeneza wimbi inaweza kulitengeneza la volti 230, au 220, au 215, vile unavyotaka, bila kuzungusha kitu chochote. Na vitu vya nyumbani vingi vinatii tansio. Rezho, jiko la umeme, ni waya tu unaowaka, ukiipa volti 220 badala ya 230 inakula asilimia 8.5 kidogo kuliko kawaida, sababu nguvu yake inafuata tansio mara tansio. Televisheni na chaja za simu hazitii, zitakula kilekile. Mtaa mzima uko mahali fulani katikati. Sasa transfoma inajuaje mtaa wake unatii kiasi gani? Inaujaribu: inasukuma tansio kidogo sana juu na chini, inapima nguvu imebadilika vipi, inajua. Saa ya asubuhi rezho nyingi ziko moto jibu ni moja, saa tatu usiku watu wako ku televisheni jibu ni ingine. Ikishajua, siku frekansi ikianguka, inajua ishushe tansio kiasi gani ili mtaa uachilie kilowati 20, si 15 wala 30. Ni kitu kizuri sana hiki, mimi nilipokisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu kwa furaha. Waingereza walifanya kitu cha karibu na hiki bila transfoma za elektroniki, kampuni ya umeme ya Electricity North West katika mradi wao wa CLASS walitumia transfoma kubwa za vituo, wakashusha tansio kidogo, na wateja hawakutambua kitu.

Wateja hawakutambua. Hapa ndipo napenda kuwakumbusha wadogo zangu mahali tunapoishi.

Saa moja ya jioni kwetu tansio naipima mwenyewe, volti 165 si habari ya ajabu. Piga hesabu: 165 gawanya kwa 230, zidisha jibu kwa lenyewe, unapata 0.515. Pasi ya wati 1000 inakuwa ya wati 515. Mama mmoja wa avenyu yetu anauza samaki wa kongelateri, aliniona na mita mkononi akaniuliza, "Papa, hii umeme ya leo ni ya kuangaria ao ni ya kutumika?" Nikamwambia, "Mama, leo iko ya kuangaria." Akacheka lakini samaki wake hawakucheka. Bukari (ugali) ambayo inaiva upesi ku rezho siku nzuri, siku za hivi maji tu hayataki kuchemka, watu wanarudi ku mbabula na makala. Kwa maneno mengine, ile asilimia ambayo transfoma ya Kiel inataka kuichukua kwa adabu, sisi imekwisha kuchukuliwa, na si kidogo, ni nusu, na hakuna aliyeitumia kusaidia frekansi yoyote. Utashusha nini tena kutoka 165?

Kuna jambo la pili ambalo sijaona mtu wa Ulaya analiongelea sana sababu kwao halipo. Stabilizateri. Nyumba yenye uwezo kidogo hapa iko na stabilizateri ya frigo, stabilizateri ya televisheni, wengine moja kubwa ya nyumba nzima pale mlangoni. Kazi ya stabilizateri ni nini? Ni kukataa kutii tansio. Ukimpa 165 anatoa 220, anafidia kwa kuvuta ampea nyingi: mzigo wa wati 1000 unaovuta ampea 4.3 kwa volti 230, kwa 165 unavuta ampea 6, na hizo ampea za ziada zinashusha tansio ya jirani asiye na stabilizateri. Sasa weka transfoma yenye akili juu ya mtaa kama huu. Inasukuma tansio kidogo kupima, mwanzoni mzigo unapungua, inaandika "mtaa huu unatii", sekunde moja au mbili baadaye stabilizateri zote zinafanya taka, taka, taka, zinarudisha, mzigo unapanda palepale ulipokuwa. Transfoma imedanganywa. Kwa hiyo hiyo programu ya kupima, kwa Lubumbashi, lazima ingoje mpaka stabilizateri zimalize kucheza ndipo iamini kilichobaki, na msaada wa frekansi uhesabiwe wa aina mbili, ule wa sekunde ya kwanza ambao ni mkubwa, na ule unaobaki ambao ni mdogo. Si kwamba wa sekunde ya kwanza hauna faida, tumeona kwenye hesabu ya kisiwa mambo yanaamuliwa ndani ya sekunde 0.7. Ila usiuuze kama ni wa dakika kumi.

Mtanijibu: lakini yaya, transfoma yenyewe itarekebisha tansio, watu watapata 230, stabilizateri zitatupwa. Kweli, inaweza, upande wa kilovolti ukiwa umechoka kidogo yenyewe inaendelea kutoa 230 safi. Ila mtaa uliokuwa unakula nusu kwa sababu ya tansio mbovu utaanza kula yote. Pasi zote zinarudi wati 1000. Tansio nzuri ina njaa, na mtandao ambao tayari umepungukiwa utapungukiwa zaidi. Sisemi watu wabaki na 165, Mungu apishe mbali, nasema hiyo MW ya ziada lazima mtu aihesabu kabla ya kukata utepe.

Sasa turudi ku Kinshasa.

Laini ya Inga mpaka Kolwezi ilimalizika 1982, karibu kilomita 1,700, kilovolti 500 juu na 500 chini ya sifuri, iliyojengwa kubeba MW 560 kwa hatua ya kwanza. Ni umeme wa moja kwa moja. Kule Inga unageuzwa, unasafiri juu ya vijiji ambavyo havipati hata taa moja (kuuchukua njiani si kazi ya kuweka nguzo na waya tu, unahitaji kituo kizima cha kugeuza), unafika Kolwezi unageuzwa tena kuwa Hz 50 za kwetu. Inga II peke yake ina mashine 8, MW 1,424, chuma kizito ajabu kinachozunguka usiku na mchana. Na uzito ule wote hausaidii frekansi ya Katanga hata kidogo, ukiachwa hivyohivyo. Mashine za Inga hazijui kama huku tumeanguka mpaka Hz 49. Katikati kuna ukuta. Umeme wa moja kwa moja hauna frekansi, kwa hiyo haupitishi habari ya frekansi, MW inayopita ni ile iliyoamriwa, basi. Ukitaka Inga isikie maumivu ya Katanga ni lazima uandike amri kwenye vidhibiti vya vituo vile: frekansi ya huku ikishuka, ongeza kiasi hiki. Inawezekana, na ni haraka kuliko turbini yoyote. Lakini haiji bure na haiji yenyewe.

Transfoma yenye akili ni Kolwezi ndogo, moja kwa kila kabini. Ina ule ule ukuta wa umeme wa moja kwa moja katikati. Leo, na tanki yetu ya mafuta, frekansi ikishuka mashine ya kusaga unga ya pale kona inapunguza mwendo yenyewe, pampu ya kisima inapunguza, mota zote za mtaa zinaachilia kidogo na tena zinatoa kauzito kao ka kuzunguka kusaidia. Hakuna aliyezipangia, ni fizikia. Kwa kawaida wahandisi wanahesabu kwamba frekansi ikianguka asilimia 1 mzigo unapungua asilimia 1 mpaka 2 hivi. Ni msaada wa bure. Siku unaondoa tanki na kuweka elektroniki, mota zile zinaanza kupata Hz 50 safi bila kujali mtandao uko na hali gani, zinaendelea kula kwa nguvu zote wakati nyumba inaungua. Mbaya zaidi, tansio ya upande wa kilovolti ikishuka, transfoma inavuta ampea ZAIDI ili iendelee kutoa kilowati zilezile, yaani inakuwa stabilizateri kubwa ya mtaa mzima, na tumeshaona stabilizateri zinafanyia nini jirani.

Ndiyo maana nimeandika kichwa cha habari vile. Inachukua kwanza. Ile programu ya frekansi ambayo wauzaji wataweka kwenye bei kama zawadi ya ziada, sehemu ya kwanza ya kazi yake ni kurudisha kile ambacho kifaa chenyewe kimeondoa. Ukinunua bila hiyo programu, au ukanunua nayo na fundi akaizima sababu inalia alamu usiku, umelipa pesa nyingi kupata mtandao dhaifu kuliko wa jana. Mimi kama ningekuwa mezani wakati wa kusaini ningeomba mstari mmoja tu kwenye mkataba, msaada wa frekansi uwake siku ya kwanza na upimwe mbele yetu, kabla ya mambo ya rangi za skrini na aplikesheni ya simu.

Mengine nayapitia haraka. Hasara: tanki nzuri inapitisha asilimia 98 mpaka 99 ya umeme, za elektroniki nyingi ziko kwenye 95 mpaka 97, zidisha tofauti hiyo kwa kabini zote za mji. Shoti: waya mbili zikigusana mtaani, tanki inavumilia ampea mara kumi na zaidi mpaka fizibo (fyuzi) iungue, vipande vya elektroniki vinakufa kwa mikrosekunde usipovizima, na ukivizima mapema fizibo haiungui, kwa hiyo ulinzi wote wa mtaa inabidi upangwe upya. Radi za masika ya Katanga mnazijua. Na fundi: hapa mjini kuna wazee wanaoweza kuzungushia waya upya transfoma iliyoungua, na ikatembea. Hakuna anayezungushia upya kipande cha silikoni.

Kuna kitu kimoja cha elektroniki hizi ambacho nakipenda kweli, ule ukuta wa katikati una mlango, unaweza kufunga betri na pano za jua palepale kwenye umeme wa moja kwa moja. Ukiwa na betri ya kilowati 50 pale huhitaji kumpunguzia mtu tansio, frekansi ikianguka betri inasukuma, mama anaendelea na rezho yake. Ila nikifika hapo najiuliza, kwa nini nisichukue betri hiyohiyo na onduleri yake (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa Hz 50) nikaifunga pembeni ya tanki ya zamani? Nitapata msaada uleule wa frekansi, mota zangu zitabaki na fizikia yao ya bure, na onduleri ikifa mtaa haukai gizani. Sijapata jibu linaloniridhisha kwa mji kama wetu. Kwa mji wenye magari mengi ya umeme na pano za kuuza umeme kwenye mtandao, labda. Pano za hapa nyingi zimewekwa ili kuukimbia mtandao, si kuuuzia.

Na kama lengo ni frekansi ya kisiwa cha Katanga, mimi nisingeanzia kabini za mitaani kabisa. Ningeanzia migodini. Shaba ya cathode, yaani shaba safi ya kuuza, inatengenezwa kwa kupitisha umeme wa moja kwa moja kwenye mabwawa ya asidi, kwa hesabu ya jumla kilowati-saa 2,000 kwa tani moja. Kiwanda cha tani 100,000 kwa mwaka kinakula hapo peke yake karibu MW 23, mfululizo, usiku na mchana, na kinapitia rektifaya (kigeuzi cha umeme kuwa wa moja kwa moja), yaani elektroniki TAYARI iko pale, imeshalipiwa. Punguza nusu kwa dakika moja, umepata zaidi ya MW 11. Ili upate hizo kwa mitaa, ukichukua kilowati 25 kwa kila kabini, unahitaji kabini zaidi ya 450, zote mpya, zote zenye watu wanaotii tansio. Na kiwanda kimepoteza nini? Kilowati-saa 190, kama kilo 95 za shaba ambazo zitawekwa baadaye. Wenye kiwanda wanaogopa kukatika kabisa, na wako sawa, umeme ukizimika kabisa anodi (sahani za umeme) za risasi, ile metali, zinaanza kumenyuka na risasi inachafua shaba, lakini kupunguza nusu siyo kuzima, na ukiangalia vizuri ni kinga yao wenyewe, sababu kisiwa kikianguka chote watazimika kabisa.

Kinachonibakia sijui ni kasi. Tairista zenyewe, vile vipande vya elektroniki vya ndani ya rektifaya, zinaweza kubadilisha ndani ya mizunguko michache ya Hz 50, hilo halina ubishi, ila amri inapitia mashine ngapi za kompyuta kabla ya kuwafikia, na nani amewekewa ruhusa ya kuipitisha bila kumpigia simu mkubwa wa zamu. Kama kuna ndugu anafanya kazi kwenye chumba cha rektifaya kule Kolwezi, Fungurume ama Likasi, anieleze tu kwa sekunde au milisekunde, jina la kampuni sina haja nalo.